Mkono Chini ya Shingo

Baba mkwe wangu ni mchoraji wa mabango. Watu wanamwita Brashi, hata wasiojua jina alilopewa na mama yake. Miaka thelathini amechora mikasi ya vinyozi, matairi na viatu kwenye kuta za maduka. Siku hizi wenye maduka wanachapisha mabango ya plastiki, asubuhi wanaagiza, mchana yameshatundikwa. Mzee akawa anashinda nyumbani akiosha brashi ambazo hazijachafuka.

Basi muuguzi mkuu wa zahanati alipomwita achore mama na mtoto mchanga kwenye ukuta wa uani, pale tunapongojea kliniki, alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Kamati ya zahanati wakiupenda, angepewa na ule ukuta mrefu wa barabarani. Wasipoupenda, unapakwa chokaa, basi.

Binadamu alikuwa hajawahi kuchora. Aligawa ukuta miraba kwa uzi na chaki, akapanda ngazi, akakaa huko siku nane. Siku ya nane nikampelekea chai, mwanangu kifuani.

"Unaonaje, mama?" aliniuliza.

"Amependeza, baba."

Sikudanganya. Yule mama alikuwa na macho ya mtu aliyekesha na hajuti. Lakini mtoto wake! Kashikwa kwapani kama mkungu wa ndizi, shingo haina mkono wowote, kichwa kinaelea. Kila mama kwenye foleni angeona kabla hajakaa. Nikameza maneno. Utamwambiaje baba mkwe kwamba amekosea, tena kwenye kazi yake?

Nyumbani nikambembeleza mume wangu amwambie yeye. Akacheka. "Mimi nimkosoe mzee kwenye rangi? Kwani umechoka kuwa na mume?"

Kesho yake kamati walikuwa wanakuja saa nne. Saa mbili nilikuwa pale uani. Mzee amevaa shati lililopigwa pasi, anazungukazunguka chini ya ngazi.

"Baba, nishikie mjukuu wako nijifunge kanga vizuri."

Nilifanya makusudi, sifichi. Akampokea kwapani, vilevile kama ukutani. Mtoto ana wiki sita; kichwa kikalala nyuma. Nikauchukua mkono wa mzee taratibu, nikauweka chini ya shingo. Mtoto akatulia, akapiga mwayo.

Mzee akatazama mkono wake. Akatazama ukuta.

"Wanangu wote watano walizaliwa niko safarini na makopo yangu ya rangi," alisema. "Nikirudi, nakuta wanakimbia." Kisha akanikazia macho. "Wewe jana uliliona hili."

"Niliona, baba."

"Ukalimeza pamoja na chai."

"Chai uliinywa wewe, baba."

Akacheka mpaka mtoto akashtuka. Akanirudishia, akavua shati lake zuri, akapanda ngazi na fulana iliyotoboka. "Simama hapo, mkono chini ya shingo. Usisogee hata ukiumwa na siafu."

Kamati walifika nimesimama hivyohivyo, bega linawaka moto, naye bado anachora vidole.

"Mzee, si tuliambiwa umemaliza?" mmoja akauliza.

"Nilikuwa nimemaliza vibaya. Mkwe wangu ndiye aliyenisahihisha."

Nikatamani ardhi inimeze. Muuguzi mkuu akasogea karibu na ukuta, akautazama ule mkono mkubwa wenye rangi mbichi chini ya kile kichwa kidogo.

"Hili nalisema kila siku mpaka sauti inakauka," alisema. "Sasa nitakuwa naonyesha kwa kidole tu. Ukuta wa barabarani unauanza lini?"

Alianza wiki iliyofuata. Jana nilipita, akaniita kutoka juu ya ngazi, watu wote wa njiani wakisikia: "Mama! Mtoto akiwekwa kwenye mizani, anacheka au analia?"

"Analia, baba! Na huyo uliyemchora anacheka kama mwanasiasa. Mfute!"

Akachukua kitambaa, akafuta.