Dang'a la Sila

Sina subira na watu wanaosema wanawake wa zamani walikuwa wajinga. Bibi yangu Ruthu, mama yake baba, alijua mifugo, mbegu na mizizi ya dawa kuliko hao wote wanaomcheka. Kosa alikuwa nalo moja, nalo lilikuwa la karibu kila nyumba ya Miyuji enzi zile za Mwingereza. Mama yangu, Loisi, ndiye aliyekuja kugongana nalo.

Mtoto wa kwanza wa mama, wa kike, alizaliwa mwaka 1947. Bibi alifanya kama alivyofanyiwa yeye. Kwa siku tatu yale maziwa mazito ya njano yalikamuliwa yakamwagwa nyuma ya nyumba, maana ilisemekana yamekaa kifuani tangu mimba ikiwa changa, kwa hiyo yameoza. Mtoto akalambishwa uji mwepesi wa uwele kwa kidole. Akaanza kuharisha. Siku ya nane wakamzika, hata jina hakuwa nalo. Mama akaambiwa asilie sana, atazaa mwingine.

Alipata mimba nyingine baada ya mwaka. Baba, Silvano, alikuwa Kongwa akifyeka pori la mashamba ya karanga, kwa hiyo mama alibaki na wakwe zake. Siku zake zilipokaribia, ng'ombe mmoja akazaa, na shemeji yake Bartolomayo akaenda mbio na kibuyu kumkamua. Babu Seth, mtu ambaye hakupandisha sauti hata mvua ilipokataa kunyesha, alifoka mpaka majirani wakatoka nje.

"We Bartolomayo, una wazimu? Ndama hajanyonya! Dang'a ni lake kwanza. Mnyime, kesho utakuwa unamchuna ngozi."

Mama alikuwa anatwanga. Aliniambia mchi ulimgandia mkononi. Dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, alilijua tangu utotoni: zito, la njano. Ni kama yale yaliyomwagwa nyuma ya nyumba. Hakumwambia mtu, kwani angemwambia nani?

Siku kumi baadaye, asubuhi, kaka yangu Sila akazaliwa. Jasho halijamkauka mama, bibi akaingia na kibuyu cha uji.

"Haya, mwanangu, kamua tumwage huo uchafu. Mtoto apate uji."

"Hapana, mama. Huyu atanyonya."

Kwetu mama mkwe hapingwi. Kwa neno lile tu mama angeweza kurudishwa kwao Kizota, na mtoto angebaki na bibi na uji wake.

"Unataka kumuua mjukuu wangu kwa maziwa mabovu?" bibi akauliza.

Katika tembe letu ndama walilazwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa fito na udongo, na babu alikuwa humo akimkagua ndama wake. Mke wa mtoto hazungumzi hovyo na baba mkwe, sembuse akiwa bado amelala kwenye ngozi ya ng'ombe aliyozalia. Mama akapaza sauti.

"Shikamoo, baba."

Bibi akajishika mdomo. Kutoka ng'ambo ya ukuta marahaba ikaja kwa kusitasita.

"Baba, ningemwaga dang'a la huyo ndama nikampa uji, ingekuwaje?"

Babu akakohoa. "Angekufa," akasema. Halafu akachukua fimbo yake akaenda zake machungani, maana mambo ya uzazi hayakumhusu.

Bibi akabaki na kibuyu chake. Alimtazama mama, akamtazama mtoto aliyekuwa akihangaika mdomo wazi kutafuta titi.

"Mtu si ng'ombe," akasema, lakini kwa sauti ndogo. Mama akamweka Sila kifuani, na bibi hakumzuia. Ule uji aliunywa mwenyewe, amenuna, mpaka ukaisha.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Hakusalimia vizuri. Alimfunua mtoto, akatazama kinyesi, akabonyeza tumbo, akaondoka. Mama naye hakulala usingizi wa maana; alijua kwamba Sila akiharisha hata mara moja, yeye ndiye atakayeitwa muuaji. Siku ya nane bibi alimkuta Sila amelala, ameshiba, maziwa yakimtiririka pembeni mwa mdomo. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaketi chini.

"Loisi, mimi nimezika watano. Wote walikuwa wadogo hivi hivi. Nilikamua mwenyewe. Kwa mikono yangu hii."

Mama alikuwa na haki zote za kumjibu. Binti yake alikuwa amelala kaburini, pale nyuma ya nyumba. Mimi ningemjibu, tena vibaya. Yeye alimhamishia Sila kwenye mkono wa pili, akasema, "Hao walikufa kwa homa, mama. Homa ya mwaka ule ilikuwa mbaya."

Watoto watano hawakufa mwaka mmoja, na wote wawili walilijua hilo.

"Ndiyo," bibi akasema. "Ilikuwa homa."

Akajifuta uso kwa ncha ya kaniki, kisha akanyoosha mikono apewe mjukuu wake.