Nilivyomhukumu Kipa Wetu Katikati ya Msimu

Chumba cha kubadilishia nguo cha chuo chetu kilinuka matope, soksi mbichi na dawa ya kuchua misuli, ile kali inayowasha pua. Mimi sikuruhusiwa kuingia kwa kuwa nilikuwa msichana, basi kila Jumatano alasiri nilisimama nje ya mlango na daftari langu nikisubiri timu itoke, na harufu ile itoke nayo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa Birmingham ya miaka ya 2000, na chuo chetu kidogo cha Handsworth kilikuwa na timu ya mpira ambayo, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya tatu katika ligi ya vyuo. Mimi ndiye niliyeiandikia habari zake kwenye jarida la wanafunzi. Hakuna aliyenituma, nilijipachika mwenyewe, na wavulana waliponiuliza kwa kejeli kama najua kuotea ni nini, niliwaeleza mpaka wakachoka kusikiliza.

Kabla ya likizo ya Krismasi mhariri aliniomba tathmini ya nusu msimu: timu imefika wapi, na je, ubingwa unawezekana? Nilijiona nimefika. Niliandika kama mzee aliyezeeka viwanjani. Mshambuliaji wetu nilimsifu kwa kasi, viungo nikawasifu kwa pasi fupi, mabeki nikawasamehe kwa sababu mmoja wao alikuwa mzuri wa sura na alikuwa akinisalimia. Lakini tulikuwa tumefungwa mabao ya ovyo katika mechi tatu mfululizo, na tathmini bila mtu wa kulaumiwa niliiona haina chumvi. Nikamtafuta wa kumlaumu, na Josué alikuwa karibu.

Josué, kipa wetu, alikuwa mtu wa kwetu. Wazazi wake na wangu walitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, na Jumapili tulisali pamoja katika ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka ya Soho Road. Tofauti ni kwamba mimi niliingia Uingereza nikiwa mtoto wa chekechea, yeye alikuwa amefika mwaka mmoja tu uliopita, na Kiingereza chake bado kilikuwa cha kuokota neno mojamoja. Uwanjani hakuhitaji maneno. Baada ya ibada tulizoea kupanda basi pamoja, ghorofa ya juu, viti vya mbele, na huko ndiko alikoniambia kwamba Ijumaa na Jumamosi huosha vyombo katika mgahawa mmoja wa Harborne. Alinionyesha vidole vilivyobabuka kwa maji ya moto na sabuni. Akaniomba wenzake wa timu wasijue. Nilimwahidi, na wakati naahidi nilimaanisha.

Halafu nikakaa na karatasi yangu nikitafuta sentensi ya kuwachekesha Waingereza. Niliandika kwamba kipa wetu amezoea kushika sahani huko Harborne, na labda mpira ukipakwa povu la sabuni ataweza kuudaka. Nikamalizia kwa kusema ubingwa unawezekana, ila si na yeye golini. Jarida lilipotoka walicheka kweli. Kantini mtu alimrushia Josué sahani ya plastiki, akaidaka kwa mkono mmoja, akaiweka mezani taratibu, akaendelea kula. Jumatano hiyo kocha alimpa mvulana mwingine glavu. Naona aibu kulisema, lakini kichwa kilinivimba: nimeandika, na kocha amesikiliza.

Mtu ambaye sikumfikiria hata kidogo ni baba yake. Papa Josué alikuwa mwalimu wa shule kule Uvira, na hapa alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Aliikuta ile karatasi kwenye mkoba wa mwanawe. Kiingereza cha kuisoma hakuwa nacho, lakini aliona jina la ukoo wake limechapishwa mara nne, na juu kabisa jina langu, mtoto wa kanisani. Kwake yeye mtu haandikwi gazetini hivihivi, ila kwa sifa. Jumapili, ulipofika wakati wa shuhuda, akasimama akiwa na suti yake ya kijivu na karatasi mkononi.

"Bandugu, bameandika mutoto wangu mu gazeti ya chuo," alisema, akiinua karatasi juu. "Na mwenye ameandika ni mutoto wetu, Mapendo. Mapendo, ukuje utusomee mu Swahili. Soma yote."

Mama alinisukuma mgongoni kwa furaha. Nilitembea kwenda mbele nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikashika ile karatasi, macho yakiwa kwenye neno sahani, na mdomo ukaanza kusoma kitu kingine kabisa. Nilisema Josué ni nguzo ya timu. Nilisema ana mikono ya kuaminika na moyo usiotetereka, na kwamba tukichukua ubingwa itakuwa kwa sababu yake. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema haleluya. Josué alikuwa safu ya tatu, na wenzake chuoni walikuwa wameshamweleza wiki nzima yaliyomo kwenye karatasi ile. Alinitazama tu, kisha watu walipopiga makofi, naye akapiga.

Uongo ule ulikuwa na miguu. Mechi ya kwanza baada ya likizo, Papa Josué aliomba ruhusa kazini akaja uwanjani na mchungaji, mama yangu na waumini wengine sita, wote wamevaa nguo za kanisani katikati ya wiki, viatu vyao vikizama kwenye matope. Josué hakuwa amemwambia kwamba sasa anakaa benchi. Alipowaona wanakuja alirudi ndani mbio, akatoka amefungwa bandeji mkono wa kulia.

"Nimejiumiza, Papa. Ku mazoezi."

Mkono ule ulikuwa mzima. Baba yake aliushika kwa mikono yake miwili, akavua skafu yake ya sufu akauzungushia juu ya bandeji. Kisha akanigeukia mimi. "Usisahau kuandika ameumia," aliniambia. "Batu basifikirie bamemufukuza."

Nilimjibu ndiyo, Papa. Siku hiyo tulifungwa manne. Kwa mara ya kwanza niliacha kujifanya mjuaji nikatazama mpira, nikaona mabeki wetu wote, pamoja na yule wa kunisalimia, wakipanda mbele na kumwacha kipa peke yake na washambuliaji wawili. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo wa msimu. Josué alikuwa ametuokoa na mengi kuliko aliyofungwa. Sikuandika hilo, wala sikuandika kwamba ameumia. Niliacha jarida kimyakimya. Ilipofika Pasaka timu ilikuwa imeporomoka, na Josué alikuwa ameacha timu, kisha chuo, akachukua zamu za kila siku kule mgahawani.

Siku hizi nikisikia watu wazima wakilaumu simu, kwamba ndizo zinazowafundisha watoto kutukanana hadharani, huwa nanyamaza. Mimi nilikuwa na penseli, kifutio na wiki nzima ya kufikiri.

Papa Josué alifariki miaka michache iliyopita. Kwenye msiba, nyumbani kwao Hodge Hill, nilimfuata Josué jikoni nikaanza kumwomba msamaha kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili ulimi ulikuwa mzito. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa alikufaka akijua nilikuwaka kipa wa nguvu," alisema. "Ile ya kanisa, usiniombe pole."

Nikamwambia basi naiomba kwa ile nyingine.

Alipanga vikombe kwenye sinia. "Mwaka ile, mutu wa kusema naye huku nilikuwa na weye tu," akasema, kisha akaenda kuwapokea wageni.

Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba sikujua. Lakini nilijua. Nilijua hata nilipokuwa naandika.