Mahali pa Kulaza Bastola

Ipo Jumapili moja ambayo hainitoki, mwanangu. Nimesahau mengi, nimesahau hata majina ya watu niliokula nao sahani moja, lakini Jumapili ile hurudi kila unaponiletea habari za leseni unayoiomba. Umeniuliza mara nyingi kwa nini mimi baba yako, ambaye watu wa klabu walinisifu kwa kulenga, sikuwahi kumiliki hata bastola moja. Nimekuwa nikikukwepa. Leo nimechoka kukwepa, basi keti. Usinikimbize tu, maana mgongo wangu na maneno yangu siku hizi vinakwenda mwendo mmoja.

Miaka ile ya tisini nilikaa Kabiro, kule Kawangware, chumba kimoja cha mabati kwenye ploti yenye vyumba vingi. Nilifanya kazi katika klabu ya kulenga shabaha nje kidogo ya mji. Kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi za shabaha na kuziba matundu wanachama wakishapiga. Halafu, kwa kuwa mimi ni Mkamba na kisu cha kuchongea nilikishika kabla ya kalamu, wenye bastola walinipa kazi ya kuwachongea mipini. Usishangae. Mpini wa kiwandani hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kila mtu, ndiyo maana haumfai mtu yeyote. Mshindani wa kweli hutaka mti uliochongwa ukafuata kiganja chake, kidole kwa kidole, ili bastola ikae mahali pale pale kila anapoinyanyua.

Msimamizi wetu uwanjani alikuwa Mzee Okoth, mwanajeshi mstaafu aliyekaa Gatwekera, Kibera. Jioni, wanachama wakiondoka, alinifundisha kupiga kwa bastola kuukuu ya klabu. Alinifundisha kuitazama alama ndogo iliyo nchani mwa mtutu na kuisahau shabaha yenyewe, kuvuta triga polepole hadi mlio unishtue mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, na uwanjani ndipo nilipoiamini methali hiyo. Siku wafanyakazi waliporuhusiwa kushindana, niliwashinda wenzangu wote.

Aliyeniona siku hiyo ni daktari mmoja wa meno, Mhindi mzee, mpole, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa na bastola ya risasi sita, mtutu mrefu, chuma chake cheusi chenye kung'aa kwa buluu ukikigeuza juani. Ukifungua gurudumu lake la risasi ukalizungusha kwa kidole, lilizunguka bila kelele likasimama lenyewe mahali pake. Triga yake ilikuwa laini hata ukaona aibu kuigusa kwa mikono ya kazi. Mwanangu, nilikuwa kijana asiye na mke, na niliitaka ile bastola kuliko nilivyotaka kuoa.

Daktari alikuwa anahama nchi kwenda kukaa na binti yake. Akaniambia bastola ataniachia mimi, na atanidhamini niwe mwanachama. Klabu ilikuwa na sharti lake: mashindano makubwa ni ya wanachama, na mwanachama ni mwenye bastola yake. Haikuwa na mahali pa kuhifadhi bastola za wanachama pia. Jioni kila mtu aliondoka na yake. Kwa hiyo bila bastola ile ningebaki kuziba matundu ya wengine maisha yangu yote, na nikiwa nayo ningesimama mstarini pamoja nao.

Lakini polisi hawatoi leseni kwa mtu wa mabati. Walitaka nyumba ya mawe na sanduku la chuma. Dada yangu alikuwa akifanya kazi kwa familia moja Lavington, ng'ambo tu ya barabara, na alikuwa na chumba cha mawe nyuma ya nyumba yao. Nikamsihi mpaka akakubali niandikishe kwamba naishi pale, ingawa bastola yenyewe hakutaka ilale kwake. Sanduku nikachomelewa na fundi wa Kawangware, nikalisukuma chini ya kitanda changu Kabiro. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwelikweli.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Mzee Okoth alitembea kutoka Gatwekera baada ya kanisa, suti yake ya kahawia imejaa vumbi mpaka magotini. Hakuwahi kufika kwangu kabla ya hapo. Nikampa chai na mkate, akauliza habari za mama kule Machakos, akausifu mkate. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nimesikia Daktari anakuachia ile bastola yake."

"Ndiyo, Mzee. Jumanne tunaenda kwa polisi."

"Sawa. Hebu nionyeshe itakuwa inalala wapi."

Nilivuta sanduku nikiwa na furaha, maana nilidhani amekuja kunipongeza. Nikampigia lile bati nene na kumwonyesha kufuli. Hakuligusa. Aligeuza uso wake kwenye ukuta niliokuwa nimeubandika magazeti, akaita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Mama Nekesa, habari ya Jumapili?"

"Mzuri, Mzee," akajibu jirani yangu, ambaye ndiye aliyemwonyesha mlango wangu, kana kwamba ameketi nasi.

"Huyu kijana huweka wapi sanduku yake?"

"Si hapo chini ya kitanda? Kwa upande ya kichwa. Na funguo anaweka ndani ya kiatu." Nikasikia akitua sufuria. "Lakini Mzee, hiyo bastola inakuja lini? Hawa watoto wamenisumbua, wanauliza kama wataonyeshwa."

Nikalisukuma sanduku tena mvunguni. Nilikuwa nimemwambia rafiki mmoja tu, jioni moja, tena kwa kunong'ona. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtaani kwetu wakati ule mtu angeweza kuuawa kwa kushukiwa tu kwamba ana bunduki. Majambazi walizitafuta, polisi walizitafuta, na katikati tulilala sisi wenye kuta za bati. Na habari za yangu zilikuwa tayari midomoni mwa watoto.

Mzee Okoth akashusha sauti sana.

"Kwa karatasi italala Lavington. Usiku italala hapa. Wakikuja kuichukua, unajua watagonga mlango gani? Watakosea waingie kwa huyu mama."

"Mzee, si ni wewe ulinifundisha? Si ulisema niko na mkono?"

"Mkono uko nayo. Nyumba ndio hauna."

Maneno hayo yalinichoma, mwanangu, na mpaka leo nikiyakumbuka naona uchungu. Nilitaka kumfukuza. Lakini nilipomtazama niliona macho yake yamelowa.

"Mimi hao wanachama wote ningewashinda," akasema. "Miaka yote hiyo. Na kila jioni narudi Gatwekera mikono mitupu. Unadhani mimi sikuitaka?"

Akainuka. Sikumsindikiza, jambo ambalo mama yangu angelisikia angelia. Nilibaki kitandani nikisikiliza watoto wa Mama Nekesa wakigombea ukoko, na kila neno lao nililisikia wazi.

Jumanne nilimwendea Daktari, lakini hatukwenda polisi. Nilimweleza ninakoishi hasa. Akasema, "Nilidhani unaipenda." Nikamwambia naipenda. Bastola akamwuzia kijana mmoja mfanyabiashara, na msimu mzima nikawa naziba matundu aliyoyatoboa pembeni kabisa mwa shabaha.

Sasa wewe unangoja niseme kwamba wezi walikuja wakavunja mlango wangu, ili Mzee Okoth aonekane alisema kweli. Hawakuja. Nilikaa Kabiro mpaka nilipomwoa mama yako, na mlango wangu haukuguswa hata siku moja. Pengine bastola ingelala salama. Pengine ningekuwa bingwa. Mzee Okoth alifariki bila mimi kupata cha kumwonyesha, si asante ya haki wala lawama ya haki. Watoto wa Mama Nekesa walikua wakahama, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kulikuwa na hatari. Ndicho kilichonichosha, mwanangu. Aliyekukinga na ajali hana ajali ya kukuonyesha.

Wahenga walisema wema hauozi. Ni kweli, lakini hawakusema utauona ukichanua. Basi sikukatazi bastola. Una nyumba ya mawe na una mkono mzuri, nimekuona. Ila kabla hujajisifu mkono, uliza kitu hicho kitalala wapi, na ni nani analala jirani nacho. Usiwe na chumba cha karatasi na chumba cha kweli. Usimwambie mtu kilipo, hata yule unayempenda kumwambia kila kitu. Na siku ukiuliza ukajibiwa hapana, kiache, hata kama moyo unavuja damu, wala usikae dirishani kungoja mtu aje akushukuru. Hatakuja. Hajui.

Nenda sasa, nipumzike. Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lisilodanganya. Akujalie majirani wanaolala usingizi mzito na kuamka wakilalamikia tu bei ya sukari, wasijue kamwe ni kitu gani ulichowaepushia.