Aliyeitika wa Kwanza

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, sisi wakuu wa shule tisa tulikuwa na makundi mawili kwenye simu. La kwanza lilikuwa la wilaya, la Kinyarwanda na Kiingereza, mahali pa kuandika "Asante kwa maelekezo" hata kama maelekezo hujayaelewa. La pili lilikuwa letu. Sote tisa tulikulia nje ya Rwanda, wengine Uganda, wengine Burundi, mimi Tanzania, na humo tuliongea Kiswahili tu. Tulijidanganya kwamba likisemwa kwa Kiswahili halitoki, kwa sababu ofisini hakuna anayejisumbua kukisikiliza. Watu wazima na vyeti vyetu ukutani, tuliamini hivyo.

Kila asubuhi saa moja, mmoja wetu kwa zamu aligonga kengele ya shule yake tupu, akairekodi, akaituma. Wengine tuliitika: Nipo. Mimi, kwa sababu ndivyo nilivyo, niliwawekea wenzangu daftari la mahudhurio. Mtu asipoitika mpaka saa mbili, nilimpigia. Ndivyo tulivyojua kwamba mwenzetu mmoja amefiwa na mama yake Uganda na mipaka imefungwa. Tulimlilia humo humo kundini, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Sijapata tena watu kama wale, na nalisema hilo nikiwa bado nimekasirika.

Aliyeitika wa kwanza karibu kila siku alikuwa mkuu wa shule moja upande wa soko la Kicukiro, mama aliyekulia Bujumbura. Tuliitana dada. Niliposhikwa na kikohozi cha siku tano, nikiogopa kuwa ndicho chenyewe, yeye alinipigia asubuhi na jioni, akinichekesha mpaka nikakohoa zaidi.

Shuleni kwangu, Niboye, stoo ilikuwa na maharage na unga wa mahindi wa chakula cha mchana cha wanafunzi. Tulifunga ghafla, chakula kikabaki ndani. Wiki ya tano mlinzi aliniita akanionyesha maharage yameanza kutobolewa na wadudu. Wazazi wengi wa pale ni wachuuzi wadogo. Siku wasipotoka, hakuna kinachopikwa. Nilimwandikia afisa elimu kuomba ruhusa ya kugawa. Kimya. Nikaandika tena, nikajibiwa nisubiri barua.

Nikamweleza dada. Yeye hakuandika, alinipigia.

"Dada, weye gawa tu. Miye nimeshagawa toka wiki ilipita. Watoto iko na njaa, sasa barua ya nini?"

"Wakiniuliza?"

"Watauliza sisi wote. Tutajibu pamoja."

Kesho yake nilifungua stoo. Mimi na mlinzi tulipima kilo kwa kilo, wazazi wakija mmoja mmoja na barakoa zao. Jioni nilimtumia dada ujumbe wa sauti, yeye peke yake, nikiwa bado na unga kwenye nywele. Mdomo wangu hauna breki. Nilisema, huku nikicheka, kwamba nimegawa yote, na kwamba wale wa ofisini wameshiba, ndiyo maana wanaona heri walishe wadudu kuliko watoto. Akanijibu kwa vile vikatuni vya kucheka, mstari mzima.

Siku tisa baadaye afisa elimu aliniita. Hakunikaripia. Aliweka simu yake mezani, akabonyeza, nikajisikia mwenyewe nikicheka na kuwatukana.

"Madamu, iri jwi ni iryawe?" Aliuliza kama sauti ile ni yangu.

"Ni iryanjye," nikajibu. Ni yangu. Ningesema nini?

Ndipo akanieleza, kwa upole ulioniuma zaidi, kwamba mwenzangu wa Kicukiro alipoulizwa kuhusu stoo yake tupu, alisema amefuata mfano wangu, na ushahidi wake ulikuwa huo ujumbe. Ushauri wake kwangu ulikuwa wa simu, haukuacha alama popote. Ujumbe wangu ulibaki, na kicheko changu ndani yake. Nilikuwa nimegawa chakula cha serikali bila kibali. Akasema shule zikifunguliwa, nitakwenda kufundisha darasa la nne shule nyingine. Miaka kumi na moja niliyoiongoza shule ile iliisha kabla chai aliyonikaribisha haijapoa.

Nilimpigia dada nikiwa bado getini.

"Waliniuliza miye mbele, dada," alisema, akilia. "Nilifanya je? Niko na watoto watatu."

"Na mimi nina kuku?" nikamuuliza, nikakata.

Kuvuliwa ukuu niliweza kukuelewa, kwa sababu kosa nililifanya na ningelifanya tena. Kilichonishinda kumeza ni kwamba alichagua kuwapa sauti yangu, akawapa mpaka kicheko changu.

Asubuhi iliyofuata zamu ya kengele ilikuwa yangu. Nilifikiria kutokwenda, lakini kuna wenzangu saba ambao hawakuwa wamenikosea, wala hawakujua lolote. Nikaenda. Nikachukua kile kipande cha nondo, nikagonga rimu ya gari inayoning'inia nje ya ofisi ambayo haikuwa yangu tena, nikarekodi, nikatuma. Nikakaa kwenye ngazi na daftari langu. Kabla sijapata kalamu mkobani, simu ililia.

Nipo, dada. Umeamkaje?

Wale saba wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Nikawawekea alama wote. Kwenye mstari wake kalamu ilikwama. Nikarudisha kurasa nyuma, wiki baada ya wiki, nikitafuta siku hata moja ambayo hakuitika. Haikuwepo. Nikamwekea alama yake kama wengine, nikafunga daftari, nikaenda kumkabidhi mlinzi funguo za stoo.