Brevet ya Pisini na Muzee wa Maua

Kwetu Butembo pisini, lile bwawa la kuogelea la hoteli, ni kitu cha kupigia picha. Batu banatoka misa na makoti yao, banasimama pembeni ya maji ya bluu, banacheka na simu, kisha banaagiza chai ya moto. Kuingia ndani? Aka! Na baridi hii? Nilifua mashuka ya hoteli moja miaka miwili, na bageni balioloa mupaka shingo ninaweza kubahesabu na vidole.

Mais lakini patron, mwenye hoteli, alisikia kwamba hoteli za Beni, kule kwenye joto, ziko na bachungaji wa pisini benye brevet, cheti cha kuokoa batu ndani ya maji. Akakasirika kabisa. Akaita formateur, mwalimu wa kazi ile, kutoka Kinshasa, akatuambia sisi batumishi: mwenye atapata brevet ataacha kazi yake ya zamani, atakaa kwenye kiti kirefu, filimbi shingoni. Mikono yangu ilikuwa imeliwa na sabuni mupaka inatoka damu. Kile kiti nilikitaka kuliko kitu chochote. Nilikulia Mabalako karibu na muto, maji ninayajua tangu utoto. Nilijiandikisha wa kwanza.

Tulikuwa batano. Wiki mbili formateur alitupigia kelele: pita nyuma ya mutu anayezama, mukamate chini ya kwapa, inua kidevu! "Mutu anapumua na pua, hapumui na magoti!" Kufinya moyo tulijifunza juu ya mudoli wa mupira. Mupishi wetu aliukanda kama fufu, shingo ikachomoka.

Siku ya mutihani, batumishi bengine balikubali kujifanya banazama, upande maji yanafika kifuani. Kazi zao ziliandikwa kwenye karatasi ndogo ndani ya kofia, na kila mwanafunzi aliokota moja: huyo ndiye mutu wake wa kuokoa. Yangu ilisema: jardinier.

Yesu Maria! Jardinier wa hoteli, ule muzee wa maua, ni baba ya bwana yangu.

Kwetu nyumbani, mwanamuke na baba mukwe banaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mukono. Chakula chake ninakiweka juu ya meza, ninarudi nyuma, ndipo anakichukua. Hata kunisemesha, anapitia kwa batoto: "Ambieni mama yenu mvua inakuja." Miaka kumi na moja ndani ya kiwanja kimoja, sijagusa hata kidole chake. Na sasa nimulalishe kifuani pangu, hoteli yote inaangalia?

"Formateur, nibadilishie karatasi. Huyu ni bokilo wangu."

"Mama, maji hayajui bokilo!" Akacheka, akapuliza filimbi.

Niliruka. Muzee alikuwa anapigapiga maji kwa adabu, uso ameugeuza upande. Nilipomufikia nikasimama mbali kidogo.

"Pardon, papa."

Nikamusukumia bouée, ile duara ya kuelea. Naye, kwa heshima, akairudisha kwangu. Nikaisukuma tena. Akairudisha tena. Tukawa kama batu babili mulangoni, kila mutu anamuambia mwenzake apite wa kwanza. Formateur alikuwa anapasuka na hasira: "Shika mutu! Shika mutu!" Patron alikuwa anacheka mupaka machozi. Kisha muguu wa muzee ukateleza, pale sakafu inashuka. Akapotea. Juu ya maji yakabaki mapovu tu.

Sikufikiri kitu tena. Nilizama, nikapita nyuma yake, kwapa, kidevu juu, nikamuvuta mupaka ukingoni, bakatusaidia kutoka. Nikamulaza ubavu. Alikohoa, akatapika maji, nikahesabu pumzi yake kama tulivyofundishwa. Ilikuwa nzuri. Ndipo niliona mukono wangu uko juu ya shavu lake. Niliuondoa haraka, nikakimbilia kwenye mashuka yangu, nikalia kwa haya.

Formateur alinifuata, na sasa hakuwa anacheka.

"Umemutoa vizuri. Mais ulingoja mupaka akazama. Brevet sikupi. Kesho saa tatu asubuhi unarudia na yeye yule yule, kama anakubali. Kama hapana, unabaki na sabuni."

Iliniuma sababu ilikuwa kweli. Muzee angekufa mbele yangu, na adabu yangu yote.

Nyumbani bwana yangu aliuliza, mudomo umejaa maharagi: "Inaonekana leo umemuogesha baba?" Karibu nimutupie mwiko. Kosa kama lile, kwetu linatengenezwa kwa kumupikia mukubwa kuku. Nilitoka kiwanjani kuchagua mwenye mafuta.

Kesho yake nilifika mbele ya saa tatu. Muzee alikuwa tayari ndani ya maji, peke yake, midomo inatetemeka. Nilitaka kuinamisha kichwa kama siku zote. Mais aliniangalia, na hakukuwa mutoto wa kupitishia maneno.

"Mwanangu, jana kule chini nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu: huyu ataniacha nife sababu ya heshima? Leo usiniombe ruhusa. Nimekwisha kuitoa."

Filimbi ilipolia, sikungoja. Nilimukamata vizuri, naye akajiachilia, kichwa chake chote juu ya bega langu, macho amefunga. Formateur aliangalia saa yake, akasema, "Voilà!" Brevet yangu iko na cachet mbili, mihuri ya wino, na jina langu limeandikwa vibaya, mais kile kiti kirefu ni changu.

Siku ya Mungu, kisha misa, nilipika ile kuku. Nikaweka sahani ya muzee juu ya meza, nikarudi nyuma kama miaka yote. Hakuichukua. Alibaki amenyoosha mikono miwili mbele yake, anangoja. Nikarudi mezani, nikainua sahani, nikamupa.