Nilimsahihisha Mama Kendi ngeli, group yetu ya ng'ombe ikanyamaza

Wakuu, poleni na majukumu. Nawasalimu kutoka Embu, ambako mvua imetufungia ndani na nimeishiwa na visingizio vya kutoandika hiki kisa.

Ni kisa changu mwenyewe. Sijatia chumvi. Mahali nilipokosea nitasema nilikosea, na mkiona naanza kujipaka mafuta, nikatizeni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya upili. Ngeli nimezifundisha zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wangu wanajua kwamba mtu akisema "kitabu yangu" mbele yangu, siku yake imeharibika.

Pia nafuga ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, zero grazing, yaani nawalisha zizini. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Miaka mitatu iliyopita nilifungua group kwenye simu, ya wafugaji wadogo kama mimi. Mtu mwenye ng'ombe mmoja au wawili, ambaye daktari wa mifugo humfikia akiwa amechelewa. Tulikuwa watu arobaini hivi: Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Mikinduri, hadi Maua.

Mwanzo ulikuwa mtamu, wakuu. Mtu anapiga picha ya kiwele kimevimba, kabla hajamaliza chai ana majibu matano. Mwingine anauliza majani ya nepia yakatwe yakiwa na urefu gani, watu wanabishana kutwa nzima kwa heshima.

Lakini kulikuwa na tatizo la lugha. Mtu wa Tigania, kule Mikinduri, akiandika Kimeru chake, sisi wa Embu tunapata nusu. Sisi tukiandika Kiembu, wa Maua wanatuuliza kama tumelewa.

Basi mimi kama admin nikaweka sheria juu kabisa ya group: KISWAHILI SANIFU TU. Niliona nimefanya haki. Hakuna anayependelewa, wote tukutane katikati.

Ukweli ni kwamba katikati palikuwa nyumbani kwangu. Kwa wengine palikuwa ugenini. Hilo sikuliona.

Sasa Mama Kendi. Huyu ni mama wa Mikinduri, mkulima, amefuga ng'ombe wa kienyeji tangu akiwa msichana. Alikuwa amejinyima mpaka akapata ng'ombe wake wa kwanza wa grade, wale wa maziwa mengi. Kwenye group hakuwa mwandishi sana. Alikuwa anasoma tu.

Siku moja akajitokeza. Aliandika hivi: "Habari zenu. Ng'ombe yangu imekataa kula tangu jana. Naomba munisaidie."

Na mimi, wakuu, badala ya kumuuliza kama ng'ombe ana joto, au kama anacheua, nikamjibu: "Ng'ombe WANGU AMEKATAA kula. Ngeli ya A-WA, Mama Kendi." Nikaweka na ile alama ya kalamu.

Nilikuwa natania. Nadhani. Watu wakacheka, vikatuni vya kucheka vikajaa kwenye skrini. Mmoja akaandika, "Mwalimu amempa Mama zero!" Nami nikacheka naye.

Swali lake la ng'ombe lilijibiwa kesho yake, tena na mtu mmoja. Bahati nzuri ng'ombe alikuwa ameanza kula mwenyewe. Mama Kendi akaandika "Asanteni." Neno moja, lisilo na kosa lolote.

Baada ya hapo group ilianza kukauka taratibu. Sikuelewa. Maswali yakapungua, zikabaki salamu za asubuhi na picha za maua zenye maombi. Nikakasirika. Nikaona watu ni wavivu, wanataka kula bila kupika.

Mnajua nilifanya nini? Niliongeza sheria. Zikafika tisa. Mtu akiandika kwa Kimeru, nilikuwa nafuta.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha Hassan akanipigia simu.

Hassan ni msafirishaji wa miraa, anakaa Maua, na pale kwake ana ng'ombe mmoja anayempenda kuliko ile pickup yake. Ni mtu asiyezunguka mbuyu. Aliniambia, "Mwalimu, nilikuwa Mikinduri kutafuta majani ya ng'ombe. Unajua ile ng'ombe ya Mama Kendi imekufa?"

Nikasema sikujua. Mbona hakutuambia?

"Aliogopa kuandika."

Nikamuuliza, aogope nini, sisi ni watu wake.

Hassan akasema, "Kwani wewe unaendesha group ama unasimamia mtihani?"

Nilitaka kumjibu vikali. Badala yake nikamuuliza kwa Mama Kendi ni wapi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mikinduri. Nilinunua sukari, majani ya chai na mkate, maana huwezi kwenda kuona mtu aliyefiwa na ng'ombe ukiwa mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na kwa mara ya kwanza Kiswahili changu chote hakikunisaidia.

Alinipokea vizuri. Hilo ndilo liliniumiza zaidi. Akaniwekea kiti kivulini, akaingia jikoni, akatoka na chai ya rangi.

Wanaojua nyumba za huku wataelewa. Kumpa mgeni chai isiyo na maziwa, tena mgeni ni mwalimu, ni aibu ambayo mama hatamani hata adui yake amwone nayo. Aliniambia akiangalia chini, "Utanisamehe, Mwarimu. Maziwa hakuna."

Kisha akanieleza bila mimi kuuliza.

"Ilizaa Jumanne, ikazaa vizuri. Jumatano ikalala chini, ikapinda shingo hivi, ikaangalia tumbo. Masikio baridi. Nikasema imechoka na kuzaa. Hizi zetu za kienyeji sijawahi ona ikifanya hivyo."

Wafugaji hapa mmeshajua. Hiyo ni homa ya maziwa. Huwakamata sana hawa wa maziwa mengi wakishazaa. Daktari akifika mapema, akamtilia calcium kwenye mshipa, mara nyingi ng'ombe anasimama siku hiyo hiyo. Kwenye group tulikuwa angalau watatu tuliowahi kuiona. Mmoja wao ni mimi. Ningeijua kwa sentensi moja.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuandika.

"Niliandika," akasema. "Nikashika simu nikaandika. Halafu nikakwama. Nikajiuliza, ni imelala ama ni amelala? Nikafuta. Nikaandika ile ingine, nikaona hata hiyo watu itacheka. Nikafuta. Nikasema wacha ningoje kesho, pengine itaamka yenyewe."

Kesho yake haikuamka.

Wakuu, nimekaa kwenye mazishi mengi lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Mama mzima, ng'ombe amelala mbele yake anakufa, naye anahangaika na ngeli. Kwa sababu yangu.

Waliosoma zamani huku wanakumbuka disk. Kile kibao cha mbao ulichovalishwa shingoni ukisikika unaongea lugha ya mama shuleni, unakizungusha siku nzima huku wenzako wanakucheka, jioni unachapwa. Mimi nilikivaa mara nyingi na nilikichukia. Hapo kivulini nikaelewa kwamba nilikua, nikawa mwalimu, nikamtafuta mama wa watu Mikinduri nikamvalisha.

Nikamwomba msamaha. Sikupamba maneno. Nilisema nilikosa, nilikucheka, na ng'ombe wako amekufa kwa sababu yangu.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Chai inapoa, Mwarimu."

Nikainywa yote.

Alinisindikiza hadi njiani kama desturi. Nilikuwa nimeshaamua kufunga ile group, nikamwambia hivyo, nikidhani atafurahi. Alisimama akanitazama kama mtu anayetazama mtoto anayesumbua.

"Usifunge. Ukifunga, ile yangu itakuwa imekufa bure. Kuna wengine wako na ng'ombe."

Niliporudi Embu nilianza kazi. Na niliapa sitaiacha hadi ile group ipumue tena.

Kwanza nilifuta sheria zote tisa. Nikaandika mbele ya wote nilichofanya, bila kutaja jina lake, ila kila mtu alijua. Watu wawili walitoka siku hiyo. Mmoja aliniambia kando kwamba najidhalilisha, mwalimu hapigi magoti. Nikamwambia magoti ni yangu.

Halafu nikaanza kupiga simu. Kila siku mtu mmoja kati ya wale walionyamaza. Siandiki, napiga. "Ng'ombe wako anaendeleaje?" Basi. Wengine walidhani nauza kitu. Mzee mmoja wa Nkubu aliniuliza kama nagombea kiti.

Nikaruhusu voice notes kwa lugha yoyote. Kimeru, Kiembu, Kimbeere, hata Sheng. Anayeelewa anawatafsiria wenzake. Hassan alijitolea Kimeru chote cha Igembe na Tigania, maana yeye na biashara yake huongea na kila mtu.

Na nikajiwekea sharti moja mwenyewe: hakuna swali litakalolala bila jibu. Kama sijui, naandika, "Sijui, lakini nimekusoma, natafuta anayejua." Kisha natafuta kweli.

Wiki sita za kwanza nilikuwa kama mtu anayeongea na ukuta. Kuna siku niliuliza swali, nikalijibu mwenyewe, kisha nikajishukuru. Mke wangu alinicheka mpaka akakaa chini. Wakati huo huo kijana mmoja msomi alifungua group kubwa ya wafugaji wa kaunti nzima, watu wetu sita wakahamia huko. Niliumia, sitadanganya. Lakini sikuwafuata. Niliamua hawa waliobaki wananitosha, na nitawajua kila mmoja na jina la ng'ombe wake.

Taratibu wakaanza. Mmoja voice note ya sekunde tano. Mwingine picha bila maneno.

Siku moja mgeni kutoka Maua akaandika, "Ndama wangu ziko na homa," na jamaa mmoja wa hapa Embu akamrukia, "Hiyo ni Kiswahili gani?" Nilimpigia simu dakika hiyo hiyo. Nilimwambia, ndugu yangu, huo mchezo niliucheza mimi, na najua unavyoisha. Alifuta, akaandika upya akiuliza ndama ni wangapi na wana umri gani.

Kisha ikaja ile siku ninayotaka kuwaambia.

Mama mmoja wa Runyenjes ng'ombe wake alizaa akakataa ndama kabisa, anampiga mateke. Akajaribu kumnywesha ndama kwa ndoo, ndama hataki. Siku ya pili ndama amelegea. Aliandika akilia, nusu Kiembu nusu Kiswahili. Tulimjibu, lakini majibu yetu yalikuwa ya vitabuni. Mwite daktari, mwite daktari. Daktari alikuwa njiani, mbali.

Ndipo ikaingia voice note. Dakika mbili nzima, Kimeru cha Tigania kitupu, kwa haraka, na kuku wanasikika nyuma.

Alikuwa Mama Kendi.

Hassan akatafsiri mbio mbio: chovya vidole kwenye maziwa yenye joto kama ya titi, mtie mdomoni anyonye vidole, halafu teremsha mkono polepole mpaka ndani ya ndoo, pua isizame. Usimlazimishe kichwa. Akikataa, pumzika, rudia. Mwisho Mama Kendi alisema, "Usichoke kabla yake."

Sote tulikaa tukitazama simu. Mimi nilikuwa staffroom, nilikosa somo langu la saa tano, na sijutii.

Karibu saa moja baadaye mama wa Runyenjes akatuma video. Ndama kichwa kimo ndani ya ndoo, mkia unacheza. Picha yote inaruka. Daktari alipofika alimkuta ndama ameshiba.

Sasa Mama Kendi ndiye anayeulizwa kuliko wote. Juzi mtu aliandika "tungoje Mama Kendi," na mimi mwenye group nilikuwa nimeshajibu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba group ndogo haiuawi na maadui. Huuawa na mwenye nayo, akiwa anacheka. Na haifufuki kwa sheria, inafufuka kwa mtu mmoja kumjibu mwenzake, kesho tena, na kesho kutwa tena, hata kama hakuna anayekushukuru. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku, lakini lazima kuwe na mahali ambapo mtu anaweza kuuliza na asionekane mjinga.

Sijamaliza, lakini. Hassan ananiambia Mama Kendi alishapata mtamba mwingine wa grade, na huyo mtamba anakaribia kuzaa. Kwenye group Mama hajasema neno. Anajibu ya watu wote, ya kwake hajawahi kuuliza hata moja tangu ile siku.

Sitamsukuma. Namba ya daktari wa Mikinduri ninayo, calcium nimehakikisha anayo, na simu yangu huwa haizimwi. Siku atakayoandika "naomba munisaidie" nitajua amenisamehe. Hadi siku hiyo niko hapa, najibu.

Nyinyi mnaoendesha vijigroup vidogo, mmevifanyaje vikadumu? Na wewe unayesoma bila kusema, kuna mtu aliyekunyamazisha mahali? Tuambie hapa chini, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho.