Fundi Polepole na Ramani za Marehemu

Fundi wa kompyuta huyu, mwanamke wa makamo, watu wamembandika jina la Polepole, naye hakulikataa. Kibanda chake kimebanwa kati ya fundi cherehani na mashine ya kutoa kopi, na mteja mwenye haraka huambiwa waziwazi ajaribu kwingine. Wadogo zake wanne wamesoma kwa kipato cha bisibisi yake.

Siku alipoitwa na mjane wa mpima ardhi, aliikuta nyumba imevimba kwa maneno. Jirani mmoja alikuwa ametangaza kwenye kikao cha mtaa kwamba marehemu alisogeza jiwe la mpaka ili kumpendelea rafiki yake. Vipimo halisi vilikuwa kwenye folda ambayo marehemu aliifunga kwa neno la siri katika kompyuta yake ya mezani, chumba cha nyuma. Binti yake alikuwa ameiunganisha kwa waya na laptop iliyokuwa sebuleni. Majina ya ramani aliyaona yote, lakini kila alipojaribu kufungua moja aliambiwa hana ruhusa. Shemeji, mdogo wa marehemu, alikwisha kukunja mikono ya shati: ama neno la siri libadilishwe kwa nguvu, ama kompyuta ifutwe ianze upya.

"Kaka, ukifanya hivyo utakuwa umezika na ramani," Polepole alimwambia.

Akawaeleza bila kujigamba. Kutoka kwenye laptop folda inaonekana, ila ufunguo wake unakaa katika mashine ile kongwe, na hauamki mpaka uandikwe neno la marehemu mwenyewe. Neno likibadilishwa kwa nguvu, ufunguo haufai tena.

Wote wakiwa mbele ya mashine hiyo, shemeji akabahatisha mwaka wa kuzaliwa, binti akataja jina la shule. Mjane alikunja na kukunjua upindo wa kanga yake. Neno alilijua. Ndilo jina la mapenzi mumewe alilomwita wakiwa wawili tu, na mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa ule hakuwa tayari kulitamka mbele ya shemeji na mtoto.

Polepole alimtazama mara moja tu. Akamwomba shemeji aende sebuleni akashike waya usicheze, na binti akaikodolee macho laptop. Kisha yeye mwenyewe akageukia ukuta.

"Andika, mama. Mimi nasoma kalenda."

"Hiyo ni ya mwaka juzi."

"Nimechelewa kuisoma. Si unajua wanavyoniita?"

Mjane akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akaandika kwa kidole kimoja. Folda ikafunguka. Polepole akapitisha nakala za ramani kwenye waya hadi sebuleni, akahifadhi ufunguo kwenye flashi, akaikabidhi mkononi mwa mjane.

Wajumbe wa kikao walikwenda kiwanjani na ramani na futi kamba. Jiwe lilikuwa palepale lilipopimwa. Jirani akaja kwa mjane kuomba radhi, sauti ya chini.

"Nimepokea, baba," mjane alimjibu. "Lakini ulisemea kikaoni. Kaseme kulekule."

Akaenda, akasema, kofia mkononi.

Kesho yake mjane alipanga foleni kibandani nyuma ya wateja wawili, zamu yake ikafika.

"Ramani nashukuru, mwanangu. Lakini uligeukia ukuta bila kuambiwa. Hilo ndilo lililonileta."

Polepole alitabasamu, akamvutia kiti.